Yuniti 7 ambazo hazikuwa 7: kisa cha paka aliyekaidi insulini

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari michache tu. Paka dume aliyehasiwa, umri miaka 11, uzito kilo 6.1. Ana kisukari kwa miezi mitano sasa. Anachomwa insulini yuniti 7 asubuhi na yuniti 7 jioni, sukari haishuki chini ya 20. Naomba aangaliwe kama mwili wake umekuwa sugu kwa insulini.

Paka wengi wenye kisukari hutulia kwa yuniti 1 hadi 3 kwa kila sindano. Mpaka wa usugu huwekwa kwenye yuniti 1.5 hivi kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwa paka huyu ni yuniti 9. Hata hivyo daktari akishaona 6 au 7 na sukari haijatikisika, akili yake huanza kukimbilia kwenye magonjwa makubwa: uvimbe wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, tezi za adrenali zilizo karibu na figo zinazomwaga homoni kupita kiasi, kongosho iliyovimba. Yangu nayo ilikwenda huko. Lakini namba 7 ilinifikia kwenye karatasi, bila chupa ya dawa wala bomba la sindano, na dozi ya insulini isiyo na vitu hivyo viwili ni tarakimu tupu.

Mwenye paka ni mwalimu mstaafu anayeishi ghorofani Upanga, na bila yeye kisa hiki kisingefunguka. Alikuja na kaunta buku lililopigwa safu kwa rula: saa, sukari, dozi, alichokula, mara ngapi amekojoa. Safu ya sukari ilisomeka 24.1, 22.6, 27.3, kisha siku mbili mashine ikaandika HI, ambayo kwa mashine nyingi maana yake ni zaidi ya milimoli 33.3 kwa lita. Paka mzima huwa kati ya 4 na 8. Ukurasa wa kwanza, siku ugonjwa ulipogundulika, uzito ulikuwa kilo 5.6. Sasa mizani yangu ilisema 6.1. Nikapiga duara kwa kalamu nyekundu, kwa sababu paka anayemwaga sukari kwenye mkojo mchana na usiku anapaswa kukonda, na huyu alikuwa ananenepa. Duara hilo nililirudia baadaye. Kuna mambo yaliyotakiwa kutangulia.

La kwanza lilikuwa kuthibitisha kwamba sukari yenyewe ni ya kweli. Paka akiogopa, sukari hupanda ndani ya dakika chache, na paka asiye na ugonjwa wowote anaweza kuonyesha 16 au zaidi akiwa juu ya meza ya kliniki, mbwa wakibweka chumba cha pili. Nimeona paka wakianzishiwa insulini kwa kipimo kimoja cha namna hiyo. Ndiyo maana hutafutwa ushahidi mwingine: sukari kwenye mkojo, ambayo huanza kuvuja figo zinapozidiwa kwenye 14 hadi 16 hivi, au kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa wiki mbili tatu zilizopita bila kujali hofu ya siku moja. Kwa mwalimu hapakuwa na shaka. Alikuwa akipima nyumbani, tone la damu kutoka ukingo wa sikio, paka amelala mapajani. Mashine yake ni ya binadamu, na mashine za binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo kwenye damu ya paka. Kwa hiyo kama ilikosea, sukari halisi ilikuwa juu zaidi ya hapo.

La pili, nilimwomba amchome paka mbele yangu kwa vifaa vyake mwenyewe. Akatoa kwenye kikapu chupa ya Caninsulin, insulini ya wanyama, aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Leicester, Uingereza, na pakiti ya mabomba yenye vifuniko vya rangi ya chungwa.

"Mabomba haya unayapata wapi, mwalimu?"

"Duka la dawa hapo chini, daktari. Ndiyo aliyokuwa akitumia marehemu mzee miaka yote ile."

Marehemu mumewe alikuwa na kisukari. Mkono wa mwalimu haukutetemeka hata kidogo, ngozi aliibana vizuri, sindano ikaingia bila paka kugeuka. Alikuwa anafanya sawasawa kila alichokifanya kwa mzee, na kwa mzee ilikuwa sahihi, kwa sababu insulini ya mzee ilikuwa na yuniti 100 kwa kila mililita na mabomba yale yamechorwa mistari kwa ajili ya insulini hiyo. Caninsulin ina yuniti 40 kwa mililita. Inahitaji bomba lake, ambalo kwa kawaida huwa na kifuniko chekundu. Alipovuta mpaka mstari wa 7 alivuta mililita 0.07, na ndani ya mililita 0.07 za dawa ile mlikuwa na yuniti 2.8. Gawa kwa kilo 6.1, unapata yuniti 0.46 kwa kilo. Hiyo ni dozi ya kuanzia. Paka aliyeletwa kwangu kama sugu alikuwa bado hajavuka hatua ya mwanzo ya matibabu.

Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa maana hili linapotosha kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo iliyotokea: dozi inaongezwa kwenye karatasi, 1, 2, 4, 7, huku mwilini inaingia 0.4, 0.8, 1.6, 2.8, na kila mtu anazidi kuamini kwamba dawa haifanyi kazi. Ya pili ndiyo hunitia baridi. Tuseme mwalimu angefanikiwa kupata mabomba yenye vifuniko vyekundu na kuendelea na "7" ileile aliyoandikiwa. Angemchoma paka mara mbili na nusu ya dozi aliyoizoea, asubuhi na jioni, bila mtu kujua kwamba kuna kilichobadilika. Vivyo hivyo akinunua insulini ya binadamu ya duka la dawa na kuivuta kwa bomba la 40, mstari wa 3 utampa yuniti 7.5. Sukari ya juu humchosha paka kwa miezi. Sukari ya chini humuua kwa saa chache. Ndiyo sababu naandika dozi kwa maneno matatu yasiyotengana: yuniti ngapi, insulini ya nguvu gani, bomba la nguvu gani.

Sikumtuma kutafuta mabomba mekundu mjini. Nilibadilisha insulini yenyewe, tukahamia glargini, ambayo ni ya binadamu, ina yuniti 100 kwa mililita, inapatikana Dar es Salaam na inavutwa kwa mabomba yaleyale ya hapo chini. Kwa paka ni chaguo zuri hata bila sababu hiyo, kwa kuwa hutenda taratibu na kwa muda mrefu, na paka huunguza insulini haraka kuliko mbwa na watu. Haitikiswi, haichanganywi na maji, na inakaa kwenye friji mbali na sehemu ya barafu. Chupa ya zamani niliitupa. Ilishasafiri kwenye begi la mtu, ikapitia saa nyingi za umeme kukatika katika joto la Februari, na hakuna anayeweza kutazama insulini kwa macho akasema imebaki na nguvu kiasi gani.

Tulianza upya na yuniti 2 za kweli mara mbili kwa siku. Glargini huchukua siku kadhaa kujipanga mwilini, hivyo makubaliano yalikuwa kutogusa dozi kabla ya wiki kwisha, hata mashine iseme nini. Kisha Jumamosi moja mwalimu akapima kila baada ya saa mbili, asubuhi hadi jioni. Mstari alioniletea ulianza 23, ukashuka hadi 17.4 alasiri, ukarudi 21. Si matokeo ya kufurahia, lakini ulikuwa mstari wenye bonde, na bonde linaonyesha insulini inafika na inafanya kazi. Anayepima asubuhi tu kabla ya sindano haoni bonde. Anaona 23, anaongeza dozi, na siku bonde likifika 3 hana habari.

Safu ya chakula ilikuwa na mambo yake. Asubuhi ugali na dagaa. Mchana kutwa biskuti za paka kwenye sahani, zile zilizoandikwa kwamba zinapunguza uzito. Usiku wali na samaki. Hivi ndivyo paka wengi wa mjini wanavyokula, na paka kijana anayekimbizana na panya hulimudu. Lakini paka ameumbwa kula nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuanza kusaga wanga, na ini lake halina wepesi wa ini letu wa kukamata sukari nyingi inayoingia kwa mpigo. Biskuti nazo, hata za bei kubwa, haziwezi kushikana bila unga wa nafaka au mizizi, na zile za kupunguza uzito mara nyingi huondolewa mafuta na kuongezwa wanga. Kwa paka mwenye kisukari hulengwa wanga usiozidi asilimia 12 hivi ya nishati yote. Bakuli la ugali halikaribii hapo.

Tukaondoa ugali, wali na biskuti, si kwa siku moja. Wakabaki dagaa waliochemshwa bila chumvi, wazima na mifupa yao, moyo na firigisi za kuku, na kopo moja la chakula laini cha paka kwa siku ili vitamini na madini visipungue. Mwalimu aliuliza kama anaweza kumfungisha kidogo apungue haraka. Hapana kabisa: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta huhamia kwenye ini na kulijaza, na ugonjwa huo una kasi kuliko kisukari. Nilimwonya pia kwamba wanga ukiondoka, sukari inaweza kuporomoka ghafla, na kuna paka ambao kwa mabadiliko ya chakula na insulini nzuri iliyoanza mapema huacha sindano kabisa. Akikuta chini ya 10 kabla ya sindano, asichome, anipigie.

Haikuporomoka. Bonde lilishuka hadi 13.8, sanduku lake la choo likawa kavu kidogo, na hapo nikadhani tumeshika njia. Halafu tukampima uzito: kilo 6.3. Anakula kidogo kuliko zamani, hapati ugali, na ameongezeka.

Mdomo ulikuwa na fizi nyekundu na meno mawili yaliyokuwa yakiliwa kuanzia kwenye mzizi, jambo la kawaida kwa paka wa umri huu. Mkojo ulipooteshwa maabara ulitoa bakteria. Maambukizi na uvimbe wa muda mrefu hupunguza makali ya insulini, basi tukang'oa meno, tukatibu mkojo, tukasubiri. Ilisaidia kwa wiki kama tatu.

Baada ya hapo dozi ilianza kupanda, safari hii ngazi za kweli: 3, 4, 6, 8. Kila ngazi ilipewa wiki yake na mstari wake wa Jumamosi. Tulipofika 10 paka alikuwa na kilo 6.5 na bonde la 16. Sasa ilikuwa yuniti 1.54 kwa kilo, insulini mpya, bomba sahihi, mkono mzuri, chakula kizuri, mdomo msafi. Yale maneno ya barua ya rufaa yalikuwa yamekuwa kweli, miezi mitatu baada ya kuandikwa.

Niliuliza maswali ambayo huonekana ya kipuuzi. Kuna mtu nyumbani anapaka krimu ya ngozi yenye steroidi, na paka hulamba mikono yake? Amewahi kuchomwa sindano ya kuwashwa, ile inayokaa mwilini kwa wiki nyingi? Amewahi kupewa dawa ya uzazi wa mpango ili aache kukojolea mapazia? Steroidi na homoni za aina ya projesteroni zote huipiga vita insulini, na wenye paka hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kama dawa. Majibu yalikuwa hapana. Tezi ya shingo ilipimwa ikawa sawa. Ngozi yake ilikuwa nene na ngumu, wakati paka mwenye tezi za adrenali zilizochachamaa huwa na ngozi nyembamba inayochanika kwa kushikwa tu.

Nikarudi kwenye duara jekundu. Kama insulini imeshindwa na bado mwili unajenga nyama, kuna kitu kingine kinachoujenga. Nikamwomba mwalimu picha za zamani za paka. Alikuwa nazo kwenye simu, za miaka mitano nyuma, na tulipoziweka karibu na uso uliokuwa mbele yetu haukuwa uso uleule. Taya la chini lilikuwa limejitokeza. Kichwa kilikuwa kimepanuka, nyayo zimekuwa pana kama za paka mkubwa kuliko yeye. "Na siku hizi anakoroma," mwalimu akasema, "nilidhani ni uzee."

Chuo cha mifugo cha Royal Veterinary College cha London kiliwahi kupima damu za paka 1,221 wenye kisukari, na mwaka 2015 kikachapisha kwamba 319 kati yao walikuwa na kiwango cha IGF-1 kilichozidi nanogramu 1,000 kwa mililita. IGF-1 hutengenezwa na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, na kiwango hicho kwa paka mwenye kisukari karibu kila mara humaanisha uvimbe mdogo wa pituitari unaomwaga homoni hiyo bila kukoma. Hao ni zaidi ya robo. Na wengi hawakuwa na sura iliyobadilika kiasi cha kumshtua daktari wao. Waliofikishwa kwangu na barua inayosema "kisukari cha kawaida" huko nyuma, sasa nawafikiria tofauti.

Sampuli ya damu ya paka huyu ilibidi isafirishwe nje ya nchi kupimwa IGF-1. Muda wake ulikuwa mzuri kwa bahati: kipimo hiki kikifanywa kabla paka hajatumia insulini kwa wiki sita hadi nane kinaweza kudanganya kwa kuonyesha kiwango cha chini, kwa kuwa ini linahitaji insulini ili litengeneze IGF-1. Jibu lilirudi juu ya 1,000 kwa mbali.

Ugonjwa huu unatibika kwa kuuondoa uvimbe wenyewe. Chuo hichohicho cha London hufanya upasuaji huo, na paka wengi wanaofanikiwa huachana na insulini. Kuna pia mionzi. Mashine za mionzi za Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, ni za watu, na foleni yao inajulikana. Mwalimu alisikiliza gharama za London mpaka mwisho, akacheka kwa adabu, akasema, "Endelea na ya tatu, daktari."

Ya tatu ni dawa ya kabagolini, ambayo kwa binadamu hutumika kushusha homoni ya maziwa. Matokeo yake kwa paka yanagongana: watafiti wa Argentina waliona baadhi ya paka wakiacha insulini, wa Uingereza hawakuona nafuu ya maana. Ni nafuu kwa bei na mwalimu alitaka kujaribu. Dozi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa siku. Kidonge cha miligramu 0.5 kina mikrogramu 500, kwa hiyo paka wa kilo 6.5 anahitaji kama sehemu ya nane ya kidonge. Famasia ilimgawia kwenye vifuko vidogo, kwa sababu kukata kidonge vipande vinane kwa wembe hakumpi mtu yeyote dozi sawa.

Aliniuliza pia kuhusu vidonge vipya vya kumeza badala ya sindano, alivyosimuliwa na mwanawe. Vipo: beksagliflozini iliidhinishwa kwa paka huko Marekani Desemba 2022, na velagliflozini, ambayo ni ya maji, Agosti 2023. Huzifanya figo zitoe sukari kwenye mkojo. Lakini zimeidhinishwa huko kwa paka ambaye hajawahi kutibiwa kwa insulini, na hatari yake ni asidi ya ketoni, ambayo mwili huitengeneza unapounguza mafuta kwa kukosa insulini, kujaa kwenye damu wakati mashine ya sukari inaonyesha namba nzuri. Dawa za ukoo huohuo za binadamu ziko kwenye rafu za famasia zetu. Asijaribu mtu kumkatia paka kipande.

Lengo nalo tulilibadilisha. Kumlazimisha paka mwenye uvimbe wa pituitari arudi kwenye 6 au 7 ni kumtafutia ajali, maana homoni ya ukuaji hupanda na kushuka, na siku ikishuka, dozi kubwa iliyozoeleka humwangusha. Tulikubaliana kutafuta paka anayekunywa maji ya kawaida, asiye na ketoni kwenye mkojo, anayepanda kitandani mwenyewe, na sukari kati ya 10 na 17 muda mwingi wa siku. Moyo wake unasikilizwa kila anapokuja, kwa kuwa homoni hii hukuza misuli ya moyo pia. Chupa ya asali inakaa karibu na kaunta buku: akiyumba, akitetemeka au akidhoofika ghafla, asali kwenye fizi, kisha gari, bila kusubiri kupima.

Dozi ilipanda hadi 12 na ikakaa hapo kwa miezi kadhaa, uzito ukasimama kwenye kilo 6.6. Wiki iliyopita mwalimu alipima asubuhi akakuta 8.9. Hakuchoma. Alinipigia kabla sijafika kazini, akasoma namba mara mbili, ya sikio la kulia na ya sikio la kushoto. Tumeshuka hadi yuniti 10, glargini ya 100, bomba la 100, na Jumamosi hii anapima tena kila baada ya saa mbili. Bonde la sukari likiwa chini ya 8 tutashuka hadi yuniti 8, na damu ya IGF-1 itasafiri tena mwezi ujao.